Kutazamwa Si Kusikilizwa

Bango lile nililiona alfajiri, nikitoka zamu ya usiku. Ilikuwa katikati ya miaka ya 1980, jijini London, nami nilikuwa nesi katika wodi ya wanawake. Ukutani palikuwa na picha ya mwanamke wa viatu virefu akiburuta koti la manyoya, na nyuma ya koti mchirizi mpana wa damu. Maneno yake yalichezea neno moja la Kiingereza lenye maana mbili, bubu na mjinga: kutengeneza koti moja hutakiwa wanyama bubu hadi 40, lakini wa kulivaa hutosha mjinga mmoja.

Nilisimama, nikasoma, nikaafiki. Niliwawazia wanyama walionaswa mitegoni, mguu umebanwa na chuma usiku kucha, nikaona bango linasema kweli. Kwamba limemwita mwanamke mjinga, hilo lilinipita kama upepo. Leo umri wangu umeshavuka 70, na kinachonisumbua zaidi ya bango lenyewe ni namna lilivyonipita.

Kizazi changu cha wanawake kilipigania mambo makubwa. Tulidai ujira sawa kwa kazi sawa. Tulidai mume anayempiga mkewe ashtakiwe kama mhalifu mwingine yeyote. Tulidai mwanamke aende kazini bila kupapaswa. Na wengi wetu tuliwahurumia wanyama pia. Lakini huruma hiyo ilipokuja kuazima mwili wa mwanamke ili ipate kusikika, tuliuazimisha bila kuuliza utarudi katika hali gani.

Mwenzangu mmoja wa wodini, Mwingereza aliyekaribia kustaafu, alikuwa na koti la manyoya aliloachiwa na marehemu mama yake. Asubuhi moja ya baridi kali aliingia kazini na mate mgongoni. Vijana wasiomjua walikuwa wamemtemea njiani na kumwita muuaji. Alilipangusa koti lake kwa kitambaa cha maji, mikono inamtetemeka, kisha akasema neno ambalo sijalisahau: mbona vijana hao hawamtemei dereva wa pikipiki aliyevaa ngozi ya ng'ombe toka shingoni hadi miguuni? Sikuwa na jibu. Manyoya yalikuwa vazi la wanawake, tena aghalabu wazee. Ngozi ilikuwa vazi la wanaume wenye misuli. Wafeministi wa wakati ule waliliona hilo wakalisema wazi. Sisi tuliokuwa tukitembea na vijitabu vya kampeni mikobani tulikaa kimya.

Mwaka 1985 katika bustani ya Battersea, kusini mwa London, liliwekwa sanamu jipya la mbwa. Nilipokwenda kuliona nilikuta linasimulia habari nisiyoijua, habari ya wanawake waliotutangulia.

Mwaka 1903 wasichana wawili wa Kiswidi, Lizzy Lind af Hageby na Leisa Schartau, walichapisha kitabu cha yale waliyoyashuhudia katika madarasa ya udaktari ya London, ambako wanyama walipasuliwa wangali hai mbele ya wanafunzi. Mmoja wa wanyama hao alikuwa mbwa mdogo wa rangi ya kahawia. Mhadhiri aliyehusika alishtaki kwa kuvunjiwa heshima, akashinda, akapewa fidia ya pauni 2,000. Waliomlilia mbwa yule hawakunyamaza: mwaka 1906 wakamsimamishia sanamu Battersea. Mwaka uliofuata wanafunzi wa udaktari waliingia mitaani kwa fujo wakitaka kulivunja, na walipolikosa wakaenda kuvuruga mikutano ya wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura. Katika macho ya vijana wale, mwanamke anayedai kura na mwanamke anayemlilia mbwa walikuwa mtu mmoja. Mwaka 1910 sanamu liliondolewa usiku chini ya ulinzi wa polisi, na Battersea ikabaki bila sanamu la mbwa yule miaka 75.

Kabla ya hao alikuwapo Frances Power Cobbe, mzaliwa wa Dublin, aliyeanzisha chama cha kwanza cha kupinga upasuaji wa wanyama hai mwaka 1875. Miaka mitatu baadaye, kwa kalamu ileile, aliandika juu ya wanawake wa Uingereza waliokuwa wakiteswa na waume zao. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria iliyowaruhusu mahakimu kumpa mke haki ya kutengana na mume aliyetiwa hatiani kwa kumshambulia vibaya. Cobbe hakuona kwamba amebadili mada. Kwake aliyefungwa kwenye meza ya maabara na aliyefungiwa ndani na mume mlevi walikuwa na msiba mmoja: mwenye nguvu amejipa ruhusa ya kuutumia mwili wa asiye na nguvu.

Huo ndio urithi tulioukuta. Tuliufanyia nini?

Sitaki kumdhulumu mtu, kwa hiyo nianze na mazuri. Shirika la kutetea wanyama la PETA liliundwa Marekani mwaka 1980 na Ingrid Newkirk na Alex Pacheco. Mwaka 1981 walifichua mateso ya kima 17 katika maabara ya Silver Spring, jimbo la Maryland, na kelele za kesi ile zilisaidia kuifanya sheria ya Marekani ya wanyama kuwa kali zaidi mwaka 1985. Mwaka 1993 kampuni ya General Motors iliacha kuwagongesha wanyama katika majaribio ya ajali za magari baada ya shirika hilo kuiandama. Watu hawa walifanya kazi. Walikwenda ambako wengine tuliogopa kutazama.

Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 walianza kampeni ya wanawake mashuhuri kupigwa picha wakiwa uchi, wakisema ni afadhali hivyo kuliko kuvaa manyoya. Ilidumu karibu miaka 30, hadi 2020. Wanaume nao walipigwa picha, ila sura ya kampeni ilikuwa ya wanawake, vijana, wembamba. Wakafuata wasichana waliovishwa majani ya saladi, wakisimama barabarani kugawa vyakula visivyo na nyama. Mwaka 2009, huko Jacksonville, Florida, lilitundikwa bango lenye mwanamke mnene ufukweni, likiwataka watu wawaokoe nyangumi kwa kupunguza mafuta ya miili yao na kuacha nyama. Watu walikasirika, nalo likashushwa. Mwaka 2010 mwigizaji Pamela Anderson alipigwa picha akiwa na vazi la kuogelea, mwili wake umechorwa mistari na kuandikwa majina ya vipande vya buchani: paja, mbavu, kifua. Jiji la Montreal lilikataa kutoa kibali cha kulizindua bango hilo hadharani.

Mwaka 2012 likaja tangazo la msichana anayetembea kwa taabu, shingoni amevaa kola ya hospitali. Maelezo yalisema kwa mzaha kwamba mpenzi wake ameacha nyama, na nguvu mpya alizopata zimemuumiza kitandani. Mimi nimewavalisha wanawake kola zile. Nimewashika kichwa wasitikisike wakati daktari anapima, nimewasikia wakisema wameanguka ngazini, na nimemwona mume anasubiri nje ya pazia akitazama saa. Tangazo lile lilitaka nicheke.

Hapo ndipo nilipowatafuta wale wanawake ambao hawakunyamaza. Mapema katika miaka ya 1980 huko California, Marti Kheel na wenzake walianzisha chama cha wafeministi wa kutetea wanyama, maana walichoka kuambiwa wachague moja. Mwaka 1990 Mmarekani Carol J. Adams alitoa kitabu chake kuhusu siasa za jinsia na nyama. Hoja yake naieleza kwa maneno yangu. Ili mtu ale bila kusumbuka, sharti aliyechinjwa asahauliwe; abaki mnofu, asiwe tena ng'ombe aliyekuwa na ndama. Na ili mwanamke atumiwe bila aibu, sharti naye asahauliwe. Abaki kiuno na kifua, asiwe tena mtu mwenye jina. Jalada la kitabu hicho lilikuwa na mchoro wa mwanamke aliyegawanywa kwa mistari kama nyama ya buchani, umewekwa pale kama ushahidi wa ugonjwa. Miaka 20 baadaye, katika bango la Montreal, mchoro wa namna hiyohiyo ulitolewa kama dawa.

Kiswahili kinanisaidia kulielewa jambo hili. Waingereza wana neno la nyama ya ng'ombe lisilomtaja ng'ombe kabisa. Sisi husema mnyama, na tukiondoa herufi moja tu inabaki nyama. Lugha yetu haitufichi tunachokula. Lakini nenda kijiweni usikilize vijana wakimzungumzia msichana anayepita: kifaa, chombo, mzigo. Hakuna anayemwita mtu. Basi nasi tusijidhani tuko mbali na mabango ya Marekani; tofauti ni kwamba wao wameyachapa kwa rangi.

Waliotetea kampeni hizi walikuwa na hoja, na hoja huheshimiwa kwa kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba wanawake wale walivua kwa hiari yao, na mfeministi wa kweli hampangii mwanamke mwenzake afanye nini na mwili wake. Newkirk mwenyewe ni mwanamke, tena hujiita mfeministi. Wamo wafeministi waliokubaliana na hoja hii, nami siwalaumu mabinti wale hata kidogo. Wengi walitoa walichokuwa nacho kwa ajili ya viumbe waliowapenda. Swali langu si kwa aliyevua. Ni kwa aliyekaa mezani akatafuta njia ya kumtetea mbweha, akaona kwamba ujuzi wa mwanamke, elimu yake na sauti yake havitoshi, bora ngozi yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Walisema: tukipeleka gazetini picha ya nguruwe aliyefungiwa kizimbani asipoweza hata kugeuka, hawaichapi, tukipeleka msichana uchi, wanachapa. Na hilo ni kweli. Ni kosa la magazeti na la sisi wasomaji kabla ya kuwa la mtu mwingine. Lakini kizazi changu kilikosea kikadhani kwamba anayetazamwa anasikilizwa. Tuliwahesabu waliogeuza shingo, tusiwahesabu waliobadili nia.

Mwaka 2013 watafiti wa Australia walilipima jambo hili. Waliwaonyesha wanaume matangazo ya PETA, mengine yenye wanawake waliovuliwa, mengine yenye wanawake waliovaa nguo zao. Wanaume walisisimkwa na yale ya kwanza, lakini nia yao ya kuiunga mkono kampeni ilipungua. Sababu waliyoipata watafiti ni kwamba picha zile ziliwafanya wamwone mwanamke kuwa amepungukiwa na utu. Nilisoma matokeo hayo nikiwa nimekwisha kustaafu, nikaweka karatasi chini. Jicho lililozoezwa kumwona mwanamke kama kitu halitageuka papo hapo limwone mnyama kama kiumbe mwenye nafsi. Jicho ni lilelile.

Katika unesi tulifundishwa kanuni moja siku ya kwanza, na nimewafundisha wengi baada yangu: mgonjwa hafunuliwi zaidi ya pale panapotibiwa. Ukisafisha kidonda cha goti, shuka huishia pajani. Hata aliyezimia hufunikwa, hata maiti huoshwa kwa kufunuliwa sehemu baada ya sehemu. Kanuni hii haina uhusiano na kuona haya mwili. Nesi hauonei haya. Inatulinda sisi wenyewe tusizoee. Mkono unaozoea kufunua bila sababu haukawii kushika bila heshima.

Na mazoea yalijionyesha. Mwanzoni mwa 2018, wanawake wa Marekani walipokuwa wakisema hadharani waliyotendewa makazini, sauti zilitoka pia ndani ya harakati za wanyama, ambako wafanyakazi walio wengi ni wanawake na vyeo vya juu vingi vilishikwa na wanaume. Februari mwaka huo mkuu wa mojawapo ya mashirika makubwa kabisa ya ustawi wa wanyama alijiuzulu kufuatia tuhuma za unyanyasaji wa kingono, tuhuma alizozikana. Sisemi kwamba mabango ndiyo yaliyozaa hayo. Nasema nyumba iliyokwisha kuzoea kumwona mwanamke kama chambo haiwezi kushangaa ikigundua kwamba ndani mwake wako waliomwona hivyohivyo.

Wala asiseme mtu kwamba njia nyingine haikuwapo. Mwaka 1964 Ruth Harrison, Mwingereza, alitoa kitabu juu ya ufugaji wa viwandani. Aliandika tu, kwa subira na kwa ushahidi. Serikali ikaunda kamati, kamati ikatoa ripoti mwaka 1965, sheria ikafuata 1968, na mengi yanayosemwa leo juu ya haki ya mfugo kusimama, kulala na kujinyosha yana mizizi humo. Mwaka 1980 mwanaharakati Henry Spira alitoa tangazo la ukurasa mzima katika gazeti la New York Times, akaweka picha ya sungura aliyezibwa macho, akauliza ni sungura wangapi wanapofushwa na kampuni ya Revlon kwa ajili ya urembo. Kabla mwaka haujaisha kampuni ile ilitoa dola 750,000 zitafutwe njia za kupima vipodozi bila wanyama. Vipodozi vile ni vya wanawake, na Spira hakumtukana hata mmoja. Aliwauliza wenye kampuni, nao walijibu.

Karibu nasi tunao mfano wa juzi. Tangu 2016 Kenya ilikuwa na machinjio ya punda, ngozi zikapelekwa China kuchemshwa ziwe dawa. Punda wakaanza kuibwa usiku, na kulipopambazuka ndoo ya maji na mzigo wa kuni vilihamia mgongoni kwa mama wa nyumba. Waliopinga biashara ile waliyasema yote mawili kwa pumzi moja: punda anateswa, na mwanamke anabebeshwa. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulipiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Mwanamke hakuvuliwa nguo ili punda aonewe huruma. Alisimama kando ya punda wake akaeleza hali yake.

Nikiwa mtoto, chuoni Unguja, mwalimu wetu alitusimulia habari aliyoieleza Mtume, juu ya mwanamke ambaye watu walimdharau kwa kazi aliyoifanya. Siku moja ya jua kali alimkuta mbwa akihema kwa kiu kando ya kisima. Alivua kiatu chake, akavua na mtandio wake akaufunga kiatuni ukawa kamba, akateka maji, akamnywesha. Kwa ajili hiyo alisamehewa dhambi zake.

Nimeirudia habari hiyo mara nyingi uzeeni. Mwanamke yule naye alivua nguo kwa ajili ya mnyama. Lakini alivua mtandio kwa kuwa kamba ilihitajika, hakuvua ili atazamwe. Na pale kisimani hapakuwa na mtazamaji ila Mola wake na mbwa. Huruma yake kwa kiumbe bubu ilimrudishia heshima ambayo watu walikuwa wameshamvua. Kampeni za wakati wetu zilikwenda kinyume: zilimchukua mwanamke mwenye heshima yake, zikaitoa heshima ile kuwa bei ya huruma.

Mabinti zangu mnaoshika kazi hii sasa, msiiache. Wanyama bado wanateseka, na wengi bado wamefungiwa vizimbani. Pazeni sauti, ila muulizane jambo moja kabla picha haijatoka: yule aliyemo ndani yake, awe mtu au mnyama, amefunuliwa pale panapotibiwa, au zaidi? Ikiwa ni zaidi, mfunikeni, kisha mtafute njia nyingine ya kusema. Sisi hatukuuliza. Mimi nilisimama mbele ya ukuta ule alfajiri, nikaafiki, nikapanda treni nikaenda kulala.